Sura ya Saba: Faili la Wazi

Mpaka kufika saa nne asubuhi, Inspekta alikuwa ameshaambiwa mara nne kwamba mashine haidanganyi. Mkurugenzi wa idara ya maji alimwambia huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Katibu muhtasi alimwambia huku akitafuna karanga. Naibu mkurugenzi alimwambia kwa upole kabisa, akamfungulia na mlango. Na sasa alikuwa akiambiwa mara ya nne na fundi wa kompyuta, mtu mwenye shavu la kushoto lililovimba, aliyeng'olewa jino wiki iliyopita na bado akiongea kwa upande mmoja wa mdomo.

Wenzake walimwita Bwana Kesho. Inspekta hakuhitaji kuuliza sababu. Tangu jana alikuwa amemwomba vitu vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vya kesho.

"Mashine haidanganyi, sawa, nimesikia," akasema Inspekta, akavuta kiti na kukifuta vumbi kwa kiganja. "Sasa kaa chini unieleze upya. Nieleze kama unamweleza shangazi yako, maana jana ulinieleza nikatoka hapa na kichwa kinaniuma."

Jambo lenyewe halikuwa refu. Jumanne iliyopita maabara ya idara ilipima maji ya tangi jipya la mtaa wa juu. Taarifa iliyokuwamo kwenye kompyuta ilisema maji yanafaa kunywewa. Jumatano utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, mabomba yakafunguliwa. Kufika Ijumaa watoto kumi na mmoja walikuwa wodini, na mmoja wao, msichana wa miaka mitatu, alikuwa hajafumbua macho mpaka leo Jumatatu. Taarifa ilikuwa na jina la mpimaji wa maabara. Mpimaji aliapa kwamba yeye aliandika maji hayafai. Jumamosi Inspekta alimkamata, kwa mkono wake mwenyewe na kwa saini yake mwenyewe, kwa sababu mashine haidanganyi.

Saa nane mchana gari la mahakamani lingeondoka kituoni na mpimaji ndani yake, na mwendesha mashtaka alikuwa ameshasema ataomba asipewe dhamana. Mtoto wa mpimaji, wa miezi saba, alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mapajani mwa bibi yake, akiikataa chupa tangu alfajiri. Inspekta alipokuwa akitoka, yule bibi, mama mkwe wa mpimaji, alimshika mkono wa shati. Hakumlaani wala hakulia. Alimwambia tu, "Mwanangu, mkwe wangu hata maji ya kuogea huyachemsha. Nenda kaangalie tena." Ndiyo maana alikuwa hapa, na ndiyo maana hakuwa na subira na mtu wa kesho.

"Haya," akasema. "Nionyeshe hiyo taarifa."

Bwana Kesho akabonyeza vitufe. Skrini yake ilikuwa nzee, imeinuliwa kwa vitabu viwili na daftari moja ili imfikie machoni. Mstari mmoja ukatokea: jina la taarifa, Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, na kando yake neno *mpimaji*. Katika idara ile kila mtu aliingia kwenye mashine kwa jina la kazi yake. Kulikuwa na *karani*, kulikuwa na *bohari*, kulikuwa na *mpimaji*.

"Hilo jina nani kaliweka?"

"Mashine yenyewe. Maana yake faili ni lake. Taarifa kama hii wengine wanaweza kuisoma tu; mafaili yake mengine hata kuyafungua hawawezi. Kulibadilisha, ni mwenyewe peke yake."

"Peke yake?"

"Na mimi," akasema Bwana Kesho, kisha akanyamaza kama mtu aliyejikuta kakanyaga waya. "Yaani, kwa kazi yangu. Mimi ndiye mkuu wa mashine, naruhusiwa kila kitu. Lakini afande, usije ukaanza..."

"Nimeshaanza. Jumanne saa kumi na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

Bwana Kesho akalishika shavu lake kwa uchungu. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikabidhi. Ilikuwa cheti cha daktari wa meno: jino la nyuma, sindano mbili, kuingia saa tisa na nusu, kutoka saa kumi na moja na robo. Inspekta akampigia daktari papo hapo. Daktari alimkumbuka vizuri sana, kwa sababu alimuuma kidole.

"Mara moja tu," akasema Bwana Kesho, akiangalia sakafu.

"Basi wewe umepona, kwa leo. Sasa niambie kuhusu neno lake la siri. Unalo?"

"Sina."

"Nani analo?"

"Hakuna. Hata mashine haina."

Inspekta akamtazama. "Haina? Sasa inamjuaje?"

Hapo Bwana Kesho akachangamka, akasahau na jino. "Sikiliza, afande. Zamani mashine ziliweka maneno ya siri yalivyo, mtu akiiba faili kaiba ya wote. Sasa hazifanyi hivyo. Ukiweka neno lako, mashine inalisaga. Inalisaga mpaka halitambulikani, halafu inahifadhi ule unga tu. Kesho ukirudi ukiandika neno lako, inalisaga tena, inalinganisha unga na unga. Ukilingana, karibu ndani. Usipolingana, nenda zako. Na unga huwezi kuurudisha ukawa mahindi. Hata mimi."

"Na watu wawili wakichagua neno moja? Unga wao si utakuwa mmoja?"

"Swali zuri! Inatiwa chumvi. Kila mtu anatiliwa chumvi yake kabla ya kusaga, basi hata mkichagua neno lilelile, unga wenu haufanani."

"Kwa hiyo nikiona unga wa watu wawili unafanana..."

"Ujue mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwenzake. Kuna mtu kautoa huku akaubandika kule."

Inspekta akasimama. Hii aliielewa. Kama kulikuwa na mtu aliyebandika unga wake kwenye mstari wa mpimaji, angeweza kuingia kwa jina la mpimaji kwa kutumia neno lake mwenyewe. "Huo unga uko wapi? Nautaka."

"Uko kwenye faili la siri. Mimi peke yangu ndiye ninayelifungua, na kukuonyesha mpaka barua ya Mkurugenzi." Akaangalia saa ya ukutani. "Labda ke..."

"Ukilisema hilo neno nitakuvalisha pingu."

Barua ya Mkurugenzi ilichukua saa moja na dakika kumi. Kwanza Mkurugenzi alikuwa kikaoni, na kikao chenyewe kilikuwa yeye na mtu wa kushona mapazia. Halafu muhuri ukawa umefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa katibu muhtasi, na katibu muhtasi kaenda kununua karanga nyingine. Inspekta akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni, akihesabu pumzi zake.

"Mnatuonea, afande," akasema Mkurugenzi akipuliza muhuri. "Kazi zimesimama. Hata hilo tangi, barua ya kulifunga iko hapa, inasubiri vipimo vipya tu. Lakini nyie kila siku faili, faili."

"Piga muhuri, mzee," akasema Inspekta. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alirudi chumba cha kompyuta saa tano na nusu imepita. Bwana Kesho akaisoma barua yote, pamoja na anwani, kisha akalifungua faili la siri. Ilikuwa mistari thelathini na minne, kila mmoja jina na nyuma yake fungu refu la herufi na tarakimu zisizo na maana. Wakaipitia pamoja, mstari kwa mstari, yeye akisoma mwanzo na mwisho wa kila fungu, Inspekta akiandika. Ilichukua dakika arobaini na tano. Hakuna unga uliofanana na mwingine. Kila mtu na wake, kila mtu na chumvi yake. Mstari wa mpimaji ulibadilishwa mara ya mwisho wiki tatu kabla ya ile Jumanne, na haukuguswa tena.

Inspekta akaitupa kalamu mezani. Saa sita na robo. Saa mbili karibu nzima zimekwenda na maji, na alichopata ni uthibitisho kwamba kila kitu kilikuwa sawasawa. Alitamani kumpiga mtu kibao, na aliyekuwa karibu alikuwa na shavu bovu tayari.

"Nilikwambia," akasema Bwana Kesho kwa huruma. "Ni yeye tu, afande. Inauma, lakini ni yeye."

"Kwa nini alibadilisha neno lake wiki tatu kabla?"

"Aa, yule? Yule mama ana wasiwasi. Kila mara analalamika mtu anaingia kwenye mafaili yake. Kabadilisha neno la siri mara tatu ndani ya miezi minne! Nikamwambia, mama, ukishabadilisha mara moja basi, hakuna mtu. Hataki kusikia."

Inspekta akageuka polepole. "Alilalamika wapi?"

"Kwenye daftari la matatizo." Akamsukumia daftari lenye jalada la bluu. Kila mwenye shida na kompyuta aliandika humo, kwa mkono wake, na tarehe, na saini. Pembeni Bwana Kesho aliandika jibu lake. Inspekta akafunua. Miezi minne nyuma: *Kuna mtu anafungua mafaili yangu. Mpimaji.* Pembeni: *Badilisha neno la siri.* Miezi miwili nyuma: *Nimebadilisha. Bado. Naibu amenitajia kitu nilichokiandika na sikumpa mtu.* Pembeni: *Badilisha tena.* Wiki tatu nyuma, herufi zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: *Nimebadilisha mara ya tatu. Bado! Naomba uangalie.* Pembeni: *Kesho.*

"Uliangalia?"

Bwana Kesho akajikuna shingo.

"Nauliza, uliangalia?"

"Nilikuwa na mambo mengi, afande. Printa ya bohari..."

"Ajizi nyumba ya njaa," akasema Inspekta kwa sauti ya chini iliyomtisha kuliko kelele. "Mtu anakwambia mara tatu nyumba yake inaingiliwa, wewe unamwambia abadilishe kufuli. Kabadilisha kufuli tatu, mwizi bado anaingia. Hukujiuliza huyo mwizi anapitia wapi? Haya, yule anayeingia na kutoka, mashine inamwandika?"

"Ndiyo. Kuna rejista. Ukiandika jina lako na ukakubaliwa, jina linaandikwa na saa."

"Nilikuomba jana."

"Ndiyo, nikasema..."

"Najua ulisema nini! Ilete!"

Rejista ikaja, kwa sababu haikuhitaji barua ya mtu wala muhuri. Ilihitaji vitufe viwili. Inspekta akajizuia asiseme lolote juu ya hilo. Jumanne: *mpimaji* aliingia saa mbili asubuhi, akatoka saa tisa na dakika saba alasiri. Hakurudi tena siku hiyo. Ndivyo alivyosema tangu mwanzo, kwamba aliondoka saa tisa kwenda kunyonyesha, na Inspekta hakumwamini, kwa sababu daftari la getini halikuweza kumthibitishia: mlinzi hujaza humo saa za kutoka za watu wote kila siku asubuhi kabla ya kuanza kazi, ili asisumbuke jioni. Saa kumi na dakika ishirini ndani ya mashine walikuwamo watu wawili tu. Mmoja alikuwa *bohari*. Mwingine alikuwa *naibu*.

"Hakuwamo," akasema Inspekta. "Faili limeandikwa na mtu ambaye hakuwamo."

Bwana Kesho akatazama, akakunja uso, akatazama tena. "Hiyo rejista wakati mwingine hukosea."

"Alaa! Kumbe mashine inadanganya!"

Bwana Kesho akafungua mdomo, pengo la jino likamuuma, akaufunga.

"Jana haidanganyi, asubuhi haidanganyi, Mkurugenzi na karanga zenu wote haidanganyi, nikamtia mzazi ndani kwa sababu haidanganyi. Sasa imesema kitu usichokipenda, imekosea. Chagua moja, bwana. Hii rejista inaandika jina, na lile faili linaonyesha jina. Kwa nini yasikubaliane?"

"Kusema kweli," akasema Bwana Kesho taratibu, "faili halihifadhi jina."

Inspekta akaisukuma rejista kando.

"Umesema?"

"Faili linahifadhi namba. Mashine haitujui kwa majina, afande, majina ni kwa ajili yetu sisi. Kila mtu ana namba yake, kama namba ya mfanyakazi. Ukitaka kuona faili ni la nani, mashine inachukua ile namba, inakwenda kwenye faili la watumiaji, inatafuta kuanzia juu namba hiyo ni ya nani, inakuletea jina."

"Faili la watumiaji. Ndilo hilo la siri?"

"Hapana, hilo ni la wazi. Zamani yalikuwa faili moja, majina na unga pamoja. Ikaonekana ni hatari, unga ukahamishiwa kwenye la siri. Hili la wazi limebaki na majina na namba tu. Yeyote anaweza kulisoma. Hata bohari. Hamna kitu humo."

Inspekta akapiga hesabu. Saa moja na dakika kumi amesimama mbele ya muhuri. Dakika arobaini na tano za unga na chumvi. "Lichape," akasema.

Karatasi ikatoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Mistari thelathini na minne. Kila mstari ulianza na jina, halafu herufi moja tu ya x mahali ulipokuwa unga zamani, halafu namba. Inspekta akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akashuka taratibu kama mwalimu anayesahihisha. Mstari wa tisa: *mpimaji*, 1047. Akaendelea. Kumi, kumi na moja, ishirini. Mstari wa thelathini na moja akasimama. Akarudi juu. Akashuka tena. Akamgeuzia Bwana Kesho karatasi, kidole kikiwa chini ya mstari.

*naibu*, 1047.

Bwana Kesho alikaa. Kiti kilikuwa nyuma yake kwa bahati tu.

"Namba moja, watu wawili," akasema Inspekta. "Eleza."

"Naibu alipohamia hapa, mwaka juzi, alitaka aingie kwenye mashine siku ileile. Alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake. Kumfungulia mtu upya kuna hatua nyingi. Kwa hiyo mimi huwa nanakili mstari wa mtu mwingine, nabandika chini, nabadilisha jina. Ni haraka. Nilinakili wa mpimaji. Jina nikabadilisha, chumba chake cha mafaili nikabadilisha." Sauti ikazama. "Namba nikasahau."

"Kwa hiyo kila anachoandika naibu..."

"Mashine inaandika 1047. Halafu ukiuliza ni nani, inatafuta kuanzia juu, inakutana na mpimaji kwanza. Haifiki kwa naibu kamwe."

"Na mafaili ya mpimaji?"

"Kwa mashine, hao ni mtu mmoja. Naibu anayafungua na kuyabadilisha kama yake. Kwa neno lake mwenyewe la siri." Akaangalia lile daftari la bluu, akaangalia pembeni. "Hata mpimaji angebadilisha neno mara mia, isingesaidia."

"Nakala yako hiyo uliyoifanya kwa haraka imemlaza mtu rumande siku mbili," akasema Inspekta. "Haraka yako ni mbaya kuliko kesho yako. Inuka, twende."

Ofisi ya Naibu ilikuwa na zulia na picha ya Jumatano: yeye na waziri, mkasi mmoja, utepe mmoja. Uzinduzi ule ulikuwa wake, kila mtu alilijua hilo. Yeye ndiye aliyemwalika waziri na kupanga siku. Alisimama kuwapokea akitabasamu.

"Ombi dogo tu, bosi," akasema Inspekta. "Ingia kwenye mashine, uandike faili jipya. Andika chochote. Andika hujambo."

Naibu akasita kidogo, akaingia, akaandika *Hujambo*, akahifadhi. Bwana Kesho akainama, akabonyeza. Mstari ukatokea: jina la faili, Jumatatu, saa saba kasorobo, na kando yake neno *mpimaji*.

"Ajabu!" akasema Naibu.

"Ajabu sana. Na Jumanne saa kumi na dakika ishirini wewe ulikuwa ndani ya mashine, na mpimaji alikuwa nyumbani ananyonyesha."

Naibu alikuwa mtu mwepesi, lazima asifiwe kwa hilo. Hakufoka. Aliketi, akakunja mikono, akafikiri. "Nilifungua ile taarifa kuisoma, ndiyo," akasema. "Ni haki yangu kusoma. Kama fundi wenu kachanganya namba, huenda niligusa kitu nisijue. Afande, mimi nilikuwa naamini siwezi kubadilisha faili la mtu mwingine. Kila mtu hapa anaamini hivyo. Ningejuaje? Ndiyo kwanza nayasikia haya leo, mbele yako. Unaweza kumshitaki mtu kwa kitu asichokijua?"

Hilo ndilo lililokuwa shimo, na Inspekta aliliona. Mwendesha mashtaka angeliona pia. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Akamgeukia Bwana Kesho kumwambia watoke, akamkuta anavuja jasho mpaka kwenye kola.

"Wewe una nini?"

"Hamna, afande."

"Daftari la bluu linaanzia lini?"

"Mwaka huu, Januari."

"Na la kabla yake?"

Bwana Kesho akaangalia mlangoni. Inspekta hakuhitaji jibu, kwa sababu daftari hilo alikuwa amelitazama asubuhi nzima. Alitoka mbio, akashuka ngazi mbili mbili, akaingia chumba cha kompyuta, akainua ile skrini nzee kwa mkono mmoja na kuchomoa daftari lililokuwa chini yake. Jalada lilikuwa la kijani na lilikuwa na alama nne za miguu ya skrini. Akafunua akiwa amesimama. Ukurasa wa kumi na mbili, mwaka jana mwezi wa tatu, mwandiko wa kulalia wa mtu aliyesoma shule nzuri.

Alirudi juu akaliweka wazi juu ya meza, mbele ya Naibu, akasoma kwa sauti.

"*Kila nikiandika faili, mashine inaonyesha jina la mpimaji badala ya langu. Na nimegundua naweza kufungua na kubadilisha mafaili yake. Rekebisha.* Na saini. Hii saini ya nani, bosi?"

Naibu aliitazama saini yake. Tabasamu liliondoka taratibu na halikurudi.

"Mimi nilitoa taarifa," akasema hatimaye, kwa sauti nyembamba. "Mimi nilitoa taarifa! Yeye ndiye hakurekebisha."

"Ndiyo. Ulitoa taarifa, kwa hiyo ulijua. Mwaka mzima ulijua." Inspekta akageuza daftari ili Bwana Kesho naye aone pembeni, palipoandikwa neno moja kwa wino mwekundu. *Kesho.* "Na wewe ulijua."

Akapiga simu kituoni. Saa saba na dakika ishirini. "Yule mama mpimaji asipandishwe garini," akasema. "Mpeni mtoto wake. Na nitumieni watu wawili hapa idara ya maji, pana mtu wa kuchukuliwa."

"Afande," akasema Bwana Kesho, "ile namba, niirekebishe sasa hivi?"

"Sasa hivi! Leo ndiyo umekumbuka sasa hivi! Usiguse kitu. Ukigusa hata kitufe nakuongeza kwenye hilo gari."

Alipofika kituoni, mpimaji alikuwa kwenye benchi karibu na mama mkwe wake, mtoto kifuani, akinyonya kwa pupa mpaka anakoroma. Inspekta akasimama mbele yake na kofia mkononi. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi na yote yakamkimbia. Akamwambia tu: namba, mstari, Naibu, madaftari mawili.

Mpimaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza atalipwa nini wala nani atamwomba msamaha. "Tangi mmelifunga lini?" akauliza.

"Tangi?"

"La mtaa wa juu. Mabomba."

"Mkurugenzi anayo barua," akasema Inspekta. "Aliniambia iko tayari. Inasubiri vipimo vipya."

"Anapima nani?"

Inspekta akaikunja kofia mkononi.

"Idara nzima ina mpimaji mmoja, afande," akasema yule mwanamke, bila kupandisha sauti. "Mlikuwa mmemfungia hapa."

Mama mkwe akanyoosha mikono, akampokea mtoto katikati ya kunyonya, na mtoto akaanza kulia upya. Mpimaji alikuwa ameshasimama akifunga vifungo vya blauzi. Inspekta akatangulia mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Huko mtaa wa juu, saa hiyo, watu walikuwa wanachota maji ya mchana.